Njia ya Mkato Isiyokata Popote

Mwandishi mmoja anawashauri wauguzi na mafundi wetu hivi: ukikosa alama za kuingia Kanada kwa mlango mkuu, pitia jimbo dogo, chukua uteuzi, kisha hamia Toronto. Anaiita njia ya mkato.

Mkato gani? Jimbo huteua watu wa kazi zinazolipungukia, na mara nyingi hutaka mwajiri wa huko huko awe ameshakupa ajira. Usiye na mwajiri katika jimbo hilo unakatiza wapi?

Alama 600 za uteuzi anazishangilia kama mtoto aliyeona maandazi. Zipo, na si haba. Ila uteuzi si ukaazi. Serikali kuu ndiyo inayopima afya na usalama, ndiyo yenye neno la mwisho.

Kituko ni hicho cha "kisha hamia Toronto". Ni kweli, Katiba ya 1982 inampa mkaazi wa kudumu haki ya kuishi jimbo lolote. Bwana huyu kasoma hapo akafunga kitabu. Mwombaji hutakiwa kuwa na nia ya kweli ya kuishi katika jimbo lililomteua. Akiidanganya serikali na ikabainika, anaweza kufungiwa nje miaka 5. Yaani mshauri wetu anamwandalia msomaji uongo kabla hajafunga hata begi, tena kwa maandishi!

Na foleni yenyewe? Lengo la njia ya majimbo mwaka 2024 lilikuwa kupokea watu 110,000. Mwaka 2025 likashushwa hadi 55,000. Hilo hakuligusa kabisa.