Sarafu Ndogo ni Fedha Halali

Mama anauza mchicha. Jioni ana sarafu kumi za shilingi 50. Anamtuma mtoto dukani kununua chumvi. Mtoto anarudi mikono mitupu. Mwenye duka amemwambia, "Hizi hamsini sizitaki." Je, hii ni haki?

Sarafu zetu hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Zipo za shilingi 50, 100, 200 na 500. Kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, hizo ni fedha halali ya malipo. Benki Kuu ndiyo hutoa fedha, na ndiyo huiondoa. Mwenye duka hana uwezo huo.

Wenye maduka wana sababu zao. Husema kuwa sarafu ni nzito, na kwamba wauzaji wa jumla mjini huzikataa. Lakini kosa la mjini lisilipwe na mama muuza mchicha.

Tena anayezikataa ndiye huyo huyo anayesema hana chenji. Badala ya shilingi 50 anakupa pipi. Kesho mpelekee pipi hiyo ununue kibiriti. Ataikubali? Piga hesabu: shilingi 50 kila siku, kwa siku 30, ni shilingi 1,500.

Ndugu wanakisomo, tusinyamaze. Tuhesabu chenji yetu kabla ya kuondoka dukani. Tulizungumze jambo hili katika mkutano wa kijiji, wenye maduka wakiwepo. Haba na haba hujaza kibaba.