Namba ya Gita Haikuwa ya Kuchezewa

Tangu riwaya ya The Tattooist of Auschwitz ya Heather Morris igeuzwe tamthilia ya televisheni mwezi Mei 2024, mjadala uliodhaniwa umekwisha umefufuka. Wasomaji wengi wametoa hukumu ileile ya mwanzo: kitabu kimewaliza, kwa hiyo ni kizuri, na wanahistoria wanaokikosoa ni watu wa kutafuta kasoro ndogondogo. Hukumu hiyo si ya haki kwa wanahistoria, na kwa wafu wa Auschwitz ni dhuluma. Machozi hayamwondolei mwandishi wajibu wa kusema kweli pale anapomwahidi msomaji kwamba anasema kweli.

Kitabu kilitoka mwaka 2018 na kimeuzwa kwa mamilioni ya nakala. Kinasimulia maisha ya Lale Sokolov, Myahudi wa Slovakia aliyezaliwa mwaka 1916, akapelekwa kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwezi Aprili 1942, na hatimaye akapewa kazi ya kuwachora wafungwa wenzake namba za tatuu mkononi. Huko alikutana na Gita Furman, msichana wa nchi yake. Walipendana, wakanusurika, wakaoana, wakahamia Australia. Gita alifariki mwaka 2003, ndipo Lale, akiwa na miaka 87, alipoanza kumsimulia Morris kisa chao mjini Melbourne, mpaka naye alipofariki mwaka 2006. Watu hawa waliishi, na mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Hakuna anayebisha hilo.

Kinachobishaniwa ni yale yaliyozungushiwa mapenzi hayo. Mwezi Novemba 2018, Wanda Witek-Malicka, mtafiti wa Makumbusho ya Auschwitz, alichapisha uchambuzi wake katika jarida la Memoria. Alionyesha kwamba njia ya treni iliyotajwa katika riwaya siyo iliyotumika kuwaleta Wayahudi wa Slovakia. Alionyesha pia kwamba Lale wa riwayani anampatia Gita penisilini ya kutibu taifasi mwanzoni mwa mwaka 1943, wakati dawa hiyo haikuwa ikipatikana kwa mfungwa wala kwa mtu wa kawaida. Uasi wa Sonderkommando, wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti, wa tarehe 7 Oktoba 1944 umesimuliwa kana kwamba majengo mawili ya kuchomea maiti yalilipuliwa, ilhali ni moja lililochomwa moto. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kitabu hiki hakina thamani yoyote ya maana kama kumbukumbu ya kihistoria.

Wanaokitetea wana hoja zao. Wanasema riwaya ni riwaya, na mtunzi ana uhuru wake. Ni kweli, anao. Wanasema vijana wasiofungua kitabu cha historia wamelijua jina la Auschwitz kupitia kisa hiki. Inawezekana. Wanasema kumbukumbu ya manusura mzee istahiwe. Naam, istahiwe. Lakini uhuru wa mtunzi unakwenda na uwazi wake kwa msomaji, na majalada ya kitabu hiki yametangaza kwamba kisa kimejengwa juu ya hadithi ya kweli. Morris mwenyewe aliwahi kudai kwamba asilimia 95 ya yaliyomo ndivyo yalivyotokea, na kwamba yamefanyiwa utafiti na kuthibitishwa. Kwa dai hilo alikubali kupimwa kwa mizani ya ukweli, na wasomaji wake hawawezi sasa kuiondoa mizani kwa kuwa tu imeonyesha upungufu.

Penisilini na njia ya treni naweza kuziweka kando. Kosa moja siwezi kulipita, nalo ni namba.

Katika riwaya, Lale anachora namba 34902 kwenye mkono wa Gita, na kisa chote kimesimama juu ya tukio hilo. Lakini Gita mwenyewe, katika ushuhuda wake uliohifadhiwa na Shoah Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994, alisema namba yake ilikuwa 4562. Hapa hatumzungumzii mhusika mdogo wala jambo la pembeni. Kitabu kinamhusu mchora namba, tukio lake kuu ni kuchorwa kwa namba moja, na namba yenyewe si ile aliyoitaja mwenye mkono.

Wasomaji wengine wanauliza: tarakimu chache zina uzito gani mbele ya mapenzi makubwa hivi? Anayeuliza hivyo hajaelewa namba ilikuwa nini Auschwitz. Watu wapatao milioni 1.3 walipelekwa pale, na karibu milioni 1.1 waliuawa. Waliosajiliwa na kupewa namba ni kama 400,000 tu. Wengine, wakiwamo watoto, wazee na akina mama waliobeba watoto wachanga, walishushwa kwenye mabehewa na kupelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi ya sumu, bila kuandikwa popote. Kisha, kabla jeshi la Kisovieti halijafika tarehe 27 Januari 1945, askari wa SS wa Kinazi waliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za kambi.

Ndiyo maana namba zilizobaki zina thamani isiyo na mfano. Zilitolewa kwa mfuatano, kila treni na fungu lake. Kwa kulinganisha namba na shuhuda na karatasi chache zilizonusurika, watafiti kama Danuta Czech wa Makumbusho ya Auschwitz waliweza kuijenga upya kalenda ya kambi, siku kwa siku: treni ipi iliingia, ilitoka wapi, watu wangapi waliingizwa kambini na wangapi hawakuonekana tena. Anayeijua namba ya mfungwa anaweza kuijua treni yake, na akiijua treni anawajua alioletwa nao.

Mfuatano wa namba za wanawake ulianza tarehe 26 Machi 1942, walipoletwa wafungwa 999 kutoka kambi ya Ravensbrück, na siku hiyohiyo ikafika treni ya kwanza ya wanawake wa Kiyahudi kutoka Slovakia. Gita aliingia mwezi uliofuata. Namba 4562 inaingia barabara mahali hapo. Namba 34902 haiingii, kwa sababu mfuatano ulikuwa bado mbali mno kuifikia. Ukimpa Gita namba hiyo, umemtoa katika msafara wake, ukamtenga na wasichana wa Slovakia walioingia naye na ambao wengi wao walikufa, ukampachika mahali ambapo hakuwa. Ni sawa na kubadili tarehe kwenye cheti cha kifo kwa kuwa tarehe nyingine inasomeka vizuri zaidi.

Primo Levi, Mwitaliano aliyenusurika Auschwitz, alizikwa Turin, na kaburi lake limechongwa jina lake pamoja na namba 174517. Kwa manusura kama yeye, tarakimu hizo hazikuwa pambo la kusisimua msomaji.

Morris alieleza kwamba namba aliyoiandika aliipata kwa Lale. Simlaumu mzee aliyechanganya tarakimu baada ya miaka sitini. Namlaumu mwandishi. Ushuhuda wa Gita upo, kwa sauti yake mwenyewe, na kuufuata ndio wajibu wa kwanza wa yeyote anayesema ametafiti na kuthibitisha.

Na hapa uvumilivu wangu unaisha. Wapo watu ambao kazi yao ni kuisaka kasoro moja katika masimulizi ya Auschwitz ili wadai kwamba Auschwitz yote ni uongo. Mmoja wao, David Irving, alimshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt mbele ya mahakama ya London, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba matundu hayaonekani kwenye paa lililoporomoka la chumba cha gesi. Alishindwa mwezi Aprili 2000, kwa sababu upande wa Lipstadt ulileta wataalamu waliokagua michoro, picha na nyaraka, jambo moja baada ya jingine. Walioshinda kesi ile ni watu walewale wa kasoro ndogondogo ambao leo wasomaji wanawadharau. Msomaji anayesema usahihi hauna maana anajivua silaha mwenyewe, kisha anawakabidhi wakanushaji kitabu chenye makosa yanayoonekana, kinachojiita cha kweli.

Njia ya uaminifu ipo, wala haimbani mtunzi. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, alimweleza msomaji waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si nakala ya yule wa historia ya Vita vya Majimaji. Tamthilia haikupungua nguvu hata chembe.

Mchapishaji anayeuza ubunifu na auuze kwa jina hilo. Anayetangaza kisa cha kweli na aweke ndani ya kitabu maelezo ya yapi yametungwa, na kosa likigunduliwa alisahihishe kwenye toleo linalofuata. Mwalimu anayekipeleka darasani asikipeleke peke yake, bali pamoja na ushuhuda wa manusura. Na sisi wasomaji tuache kukitetea kitabu kwa sababu tu kilitutoa machozi. Gita alisema namba yake ni 4562, na neno lake lina haki kuliko machozi yetu.