Mwanafunzi wa Saa Kumi na Moja



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tulimpokea ofisini mama mmoja mwenye umri wa miaka 38. Kwa miaka mingi alifanya kazi hotelini, pwani ya mashariki ya Unguja, hadi mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulipowakosesha kazi wengi wa kisiwa hiki. Alirudi nyumbani akamuuguza mama yake mzazi: akamgeuza kitandani, akamsafisha vidonda, akakesha naye. Baada ya maziko ndipo alipotambua kwamba kazi ile, ambayo wengine waliikimbia, yeye aliipenda. Sasa anataka kusomea uuguzi. Hakuja kuomba fedha. Alikuja kuuliza kama si ubinafsi kwa mama wa watoto watatu kurudi darasani.

Swali hilo limetuchoma, kwa kuwa tunajua lilikotoka. Limetoka kwetu. Sisi ndio tunaomkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi; sisi ndio tunaotabasamu pembeni tukimwona mtu mzima amevaa sare ya mwanafunzi.

Tumkumbuke Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550. Alikuwa askari na mcheza kamari, akapoteza hata alichokuwa nacho. Jeraha la mguu lisilopona lilimfikisha katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo mjini Roma, na humo akageuka kuwa mhudumu wa wagonjwa. Akiwa na zaidi ya miaka 30 alikaa darasani na wavulana wadogo kujifunza Kilatini, akapata upadre mwaka 1584. Mwaka 1930 Papa Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa wauguzi. Jeraha lake mwenyewe lilikuwa mwalimu wake wa kwanza.

Hatusemi kwamba njia ni nyepesi. Mama huyu alianguka Kemia katika kidato cha nne. Itambidi arudie mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha asome stashahada kwa miaka mitatu. Ayatazame pia masharti ya ajira mapema, maana matangazo ya kazi za serikali kwa kawaida huweka kikomo cha umri. Aupime moyo wake vilevile: anayefuata mshahara peke yake atachoka usiku wa kwanza wa zamu. Lakini mama huyu amekwisha kuzionja zamu hizo bila mshahara wowote.

Tena, tuutazame wodi ya Mnazi Mmoja saa nane za usiku. Mgonjwa mwenye maumivu haulizi muuguzi alihitimu akiwa na miaka mingapi, wala hatujali sana anasali msikitini au kanisani. Anahitaji mkono usiotetemeka na sauti isiyomfokea. Mtu aliyekwisha kulea, kuuguza na kuzika ana kitu cha kumpa ambacho kitabu peke yake hakikifundishi. Mapadre na masista waliofika hapa mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion waliwahudumia wagonjwa wa mji huu. Kazi hiyo si ngeni kwa Kanisa la Unguja.

Basi tunaona kwamba kizuizi chake si umri. Kizuizi ni swali hili: nani atapika, nani atalipa ada ya watoto, nani atamshika mdogo wakati wa mafunzo ya vitendo? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwambia "Mungu atakusaidia" kisha tukaenda zetu. Jumuiya ndogo ndogo yake ingeweza kupanga zamu za kuwatazama watoto jioni. Akina mama wa WAWATA wangeweza kumpa zamu ya mapema katika upatu. Mwalimu wa Kemia aliye miongoni mwetu angeweza kutoa saa moja kila Jumamosi. Na mumewe angeweza kujifunza kusonga ugali bila kuona haya.

Mwenye shamba la mizabibu alitoka hata saa kumi na moja, akawakuta watu wamesimama, akawatuma kazini. Hakuwaambia kwamba jua limekwisha. Sisi tuliokwisha ingia shambani tusisimame langoni kuwazuia.

Tulimjibu mama yule kwamba si ubinafsi. Jibu letu litakuwa kweli iwapo nanyi mtalibeba pamoja nasi.

Mtakatifu Kamili, utuombee.