Freni Ikishika, Kazi Haijaisha



Huko California, Marekani, katika bustani ya michezo ya Knott's Berry Farm, palikuwa na bembea ndefu sana, jina lake WindSeeker. Ilifunguliwa mwaka 2011. Ilipandisha watu mnarani meta 90 hivi, huku ikiwazungusha.

Tarehe 7 Septemba 2012 ilikwama na watu wakiwa juu. Ikarudishwa kazini. Tarehe 19 ikakwama tena, watu wakaning'inia saa zaidi ya tatu. Ndipo ikafungwa, na pale haikuzunguka tena. Mwaka 2014 ilipelekwa bustani nyingine.

Wengine watasema: mashini ilijizuia, hakuna aliyeanguka. Ni kweli. Lakini freni humzuia mtu tu, haimrudishi nyumbani, ambako mama na watoto wanamngoja.

Lifti ya shimo ikisimama, tusiiwashe upya kwa haraka ya kazi. Sababu ijulikane kwanza. Na njia ya kuwatoa watu tuijaribu mbele ya hatari, si siku ya hatari. Mashini ikikwama mara moja, imekwisha kusema. Tuisikilize.