Msafiri akiamkia kwetu, tumpe nini?



Juma hili tuongee juu ya mgeni anayeamkia kwetu. Kamina ni mji wa njia panda. Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: moja inaelekea Kananga na Ilebo, nyingine inaelekea Kabalo, halafu Kalemie na Kindu. Treni ikichelewa, watu wanalala gare au kwa ndugu, na asubuhi wanatutazama sisi wamama. Siku hizi barabara pia inatuletea wageni.

Tulipata somo letu mwaka jana. Koko mmoja aliyetoka Kasai alilala kwa mwenzetu, akingojea treni. Tulichanga pesa, tukanunua mkate mweupe, margarini, maziwa ya unga na sukari. Watoto wa nyumba tuliwafukuza wakacheze nje ili wasiangalie. Koko alikula vipande viwili, akanywa chai, akashukuru. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: «Wana wangu, hamna muhogo na kalanga? Mkate huu ni upepo, na safari yangu ni ya siku nyingi.» Tulisikia haya. Muhogo ulikuwa jikoni, tuliuficha.

Kwa hiyo tumekaa pamoja tukalinganisha namna za kumlisha msafiri asubuhi.

Ya kwanza ni mkate na chai au kahawa. Tuliirithi wakati wa Wabelgiji. Inatayarishwa upesi na mgeni wa mjini ameizoea. Lakini ngano hatulimi, unga wake unatoka mbali, na pesa yetu inaufuata huko. Tumbo nalo linalia kabla ya saa sita.

Ya pili ni uji na vitumbua vya pale gare. Vitumbua vyetu ni vya unga wa ngano, vya duara, vinakaangwa ndani ya mafuta mengi. Wenzetu wa pwani wakisema kitumbua wanamaanisha kitu kingine, cha mchele na nazi. Uji na vitumbua vinasomesha watoto wengi wa mji huu, kwa sababu mama anayeuza alfajiri ndiye analipa masomo. Vinashibisha kuliko mkate mtupu, na msafiri anabeba vinavyobaki.

Ya tatu ni ya kijiji: muhogo mtamu au viazi vitamu vya kuchemsha, pamoja na kalanga za kukaanga. Hii ndiyo koko aliitafuta. Inakaa tumboni, na kila kitu kimetoka shambani kwa jirani. Angalisho moja: muhogo mchungu hauchemshwi hivi hivi ukaliwa. Ule ni wa kulowekwa siku kadhaa, kukaushwa na kusagwa, maana una sumu inayoweza kuharibu hata miguu ya watoto. Ukikosa hakika ni wa aina gani, usimpe mtu.

Ya nne ni bukari ya asubuhi na samaki wa Bukama au sombe iliyobaki jana. Wengine wanasema si heshima kumpa mgeni chakula cha jana. Sisi tunasema: bukari isongwe upya, mboga ichemke tena mpaka itoe mvuke. Mtu anayepanda lori saa kumi na mbili atakushukuru mpaka jioni.

Tukitazama mbali, tunaona kila watu wanampa mgeni kinachoota kwao. Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi. Uganda ni katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na kalanga au matumbo. Hawafichi kitu. Kwa nini sisi tufiche muhogo?

Lakini kuna jambo kubwa kuliko shibe. Kolera haijatoka katika jimbo letu la Haut-Lomami, hasa kule kwenye maziwa na kandokando ya mto. Msafiri anaweza kuileta, anaweza pia kuipata kwetu na kuibeba mpaka kwa watu wake. Kwa hiyo, chochote unachompa, kiwe cha moto. Maji ya kunywa yachemshwe. Munkoyo ni kinywaji kizuri cha safari, ila maji ya kulowekea mizizi yachemke kwanza, halafu yapoe. Na kabla ya yote, maji na sabuni vya kunawa mikono, mgeni na mpishi pia.

Kama una mbabula moja tu na makala kidogo, sisi tunachagua uji wa mahindi na kalanga. Kwa watu watatu:

Koroga kikombe 1 cha unga wa mahindi ndani ya kikombe 1 cha maji baridi, usiwe na vidonge. Chemsha vikombe 5 vya maji, mimina unga huku ukikoroga. Acha uchemke polepole dakika 20. Tia nusu kikombe cha kalanga zilizokaangwa na kutwangwa laini, chumvi kidogo, na sukari kama ipo. Chemsha dakika 5 tena, gawa ukiwa moto. Kando yake weka kipande cha muhogo mtamu.

Chakula hiki hakihitaji kuchanga pesa, wala kufukuza watoto. Wanakaa kwenye mkeka mmoja na mgeni, wanakula kile anachokula, na wanasikia habari za anakotoka.

Koko aliondoka siku ya pili na muhogo ndani ya kitambaa na kalanga kwenye chupa. Treni ilipoanza kwenda, alituinulia ile chupa dirishani.

Mkutano ujao, kila mama alete kikombe cha unga na mkono wa kalanga. Tutapika pamoja, na wanaouza gare watuonyeshe namna yao.