Biti rahisi yala fedha za kisima Bukoba

Wenye nyumba za wageni, shule binafsi na mashamba ya kahawa wa Bukoba na Muleba wanaotaka kisima kirefu huuliza kwanza mita moja ni shilingi ngapi. Ni mara chache sana mtu huuliza habari za biti iliyo mwishoni mwa nyundo, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Mwamba wa huko ni jiwe la mchanga, lile linaloonekana kwenye magenge ya kando ya ziwa. Wanajiolojia wameupa mfumo huo jina la Bukoba yenyewe. Jiwe hilo limejaa kwartzi, ambayo hula chuma kama msasa. Katikati yake hupita tabaka laini za sheli zinazomdanganya mchimbaji kwamba kazi ni nyepesi.

Nyundo ya kisima haifanyi kazi kama keekee ya seremala. Kampresa husukuma hewa kupitia mabomba hadi ndani ya nyundo, pistoni hupanda na kushuka, na kuigonga biti zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Mwamba hupasuliwa na pigo hilo. Mzunguko ni wa polepole, wa kuyahamishia meno mahali ambapo jiwe halijavunjika, na hewa hiyo hiyo hupuliza vumbi na changarawe hadi juu. Mwendeshaji anayeongeza kasi ya mzunguko ili amalize mapema anasaga meno ya pembeni tu. Kampresa dhaifu nayo huacha changarawe chini, biti ikabaki kusaga jiwe lililokwisha vunjwa.

Meno ya kabaidi ni ya maumbo mbalimbali. Yaliyochongoka hukimbia vizuri katika sheli, na wauzaji hupenda kuyasifia kwa kasi hiyo. Katika kwartzi huvunjika au huisha upesi. Kwa Bukoba yafaa meno ya duara, mfano wa nusu mpira, hata kama siku ya kwanza yanaonekana mavivu.

Chukua mfano wa hesabu tu. Biti ya shilingi 400,000 inayokwisha baada ya mita 200 imegharimu shilingi 2,000 kwa mita. Ya shilingi 900,000 inayofika mita 900 imegharimu shilingi 1,000. Mnunuzi aliyeona ile ya kwanza kuwa rahisi amelipa mara mbili.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye kipenyo. Biti ya milimita 165 inayolika pembeni huacha shimo linalozidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka. Ikibadilishwa katikati kwa biti mpya, hiyo mpya hukwama, na nyundo inaweza kubaki chini pamoja nayo. Wachimbaji makini huanza na biti pana kuliko zote walizo nazo, wakamalizia na zilizokwisha kidogo. Wasiojali hufika mwisho wakakuta bomba la kisima haliingii, na mwenye kisima akaambiwa alipie kupanua shimo.

Mwenye kisima akague biti zote kwa kalipa kabla mtambo haujawashwa, aandike vipimo, na mkataba utaje kipenyo cha chini kabisa cha shimo pamoja na nani atalipa likipungua.