Tusome msafara kabla ya kuutazama

KALAMU YA UNYANYEMBE
Na Salma Kitwana

Kila filamu inayotokana na kitabu inapotoka, ubishi huwa uleule: kipi bora, kitabu au filamu? Ubishi huo hauna mwisho, na leo safu hii haitauingia. Swali lenye faida zaidi ni la utaratibu: kipi kitangulie? Kwa sisi wa Tabora, na kwa miji yote iliyo kwenye njia ya kale ya misafara, kuanzia Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Kwihara na Ujiji, jibu langu ni kwamba kitabu kitangulie. Filamu haina budi kupunguza mambo, maana saa mbili haziwezi kubeba kilichobebwa na mamia ya kurasa. Kupunguza si kosa. Shida ni kwamba filamu ikishapunguza haiachi alama. Aliyesoma huliona pengo, asiyesoma hudhani ameonyeshwa kisa kizima. Na katika visa vya njia hii, wanaopungua kwa kawaida ni wale waliokuwa na njia yao: watemi, wafanyabiashara wa Unyanyembe (eneo la Tabora), viongozi wa misafara na wapagazi.

Tuanze na filamu ya Stanley and Livingstone iliyotoka Hollywood mwaka 1939, Spencer Tracy akiigiza Stanley. Safari inayosimuliwa humo Stanley mwenyewe aliiandikia kitabu cha zaidi ya kurasa 700, How I Found Livingstone, kilichochapwa 1872. Filamu imempa mwandani wa Kimarekani aitwaye Jeff Slocum, na huko Zanzibar ikamweka binti aitwaye Eve Kingsley ili kisa kipate mapenzi. Wote wawili ni wa kubuni. Kitabuni, Wazungu walioondoka naye pwani ni mabaharia wawili, Farquhar na Shaw. Farquhar alifia Mpwapwa. Shaw alirudishwa Kwihara akiwa hoi, akafia huko. Kitabu hichohicho kinaeleza jinsi Stanley alivyokaa Kwihara, jirani na Tabora, tangu Juni hadi Septemba 1871, akajiunga na Waarabu wa Tabora kupigana na Mtemi Mirambo, wakashindwa, na mwezi Agosti Mirambo akaja kuchoma sehemu ya mji. Njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ikawa imefungwa, ndiyo maana msafara ulizunguka kusini. Stanley hakuwa mtu wa kujishusha. Hata hivyo, kurasa zake zenyewe zinakiri kwamba aliyempangia njia mwaka ule alikuwa mtemi wa Kinyamwezi. Mtazamaji aliyekwisha kuzoea kicheko cha Slocum na macho ya Eve hana kinachomsukuma kwenda kulitafuta jambo hilo.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa sababu filamu yenyewe ni nzuri. Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, ya mwaka 1990, imepita ngazi mbili kabla ya kufika kwenye kamera: kwanza maandishi ya Richard Burton na John Hanning Speke, kisha riwaya ya William Harrison, Burton and Speke, ya 1982. Kiini chake ni urafiki wa Waingereza wawili, jinsi ulivyovunjika, na kifo cha Speke mwaka 1864. Sasa fungua The Lake Regions of Central Africa, kitabu cha Burton cha 1860. Walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Huyo ndiye aliyewaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali, na kwamba liko moja kubwa upande wa kaskazini. Waliporudi kutoka Ziwa Tanganyika, Burton alibaki Kazeh akikusanya habari za watu na lugha, Speke akaondoka Julai 1858 kulifuata ziwa aliloelezwa, na tarehe 3 Agosti akaliona Nyanza. Anayeanza na filamu atatoka akiuliza nani kati ya wale wawili alikuwa mkweli. Anayeanza na kitabu ana swali zito zaidi: ziwa lililokuwa likizungumzwa barazani Tabora liligunduliwa vipi na mgeni?

Kitabu cha Burton kina jambo jingine ambalo filamu hata ikijitahidi haiwezi kulipa nafasi, nalo ni utaratibu wa msafara wenyewe. Yumo kirangozi akitangulia kwa joho jekundu, kichwani kavaa ngozi ya mbega au manyoya ya ndege, bendera nyekundu ikipepea na ngoma ikimfuata. Wamo wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao ya pembe, vitambaa na shanga, inayokaribia frasila mbili kwa mtu mmoja, yaani zaidi ya kilo 30. Imo hesabu ya vitambaa vya merikani na kaniki, posho ya njiani, na hongo iliyodaiwa Ugogo kabla msafara haujaruhusiwa kupita. Mambo hayo msomaji huyapata kama kazi yenye sheria, bei, vyeo na migomo. Kwenye filamu safu ya wapagazi hupita nyuma ya mhusika mkuu kwa sekunde chache, jua likizama. Macho yanafurahi, lakini hayakuambiwa kwamba mtu wa tatu katika safu ile huenda amekwenda pwani na kurudi mara nyingi kuliko mgeni anayemfuata.

Huenda mtu akasema mifano hii ni ya Wazungu, na kwamba sisi wenyewe tukishika kamera pengo litazibika. Hoja hiyo ipimwe kwa Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ilichapwa 1999, nayo imesomwa sana katika kidato cha tano na cha sita. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo kuu ya tamasha la Carthage. Imetengenezwa na Watanzania, kwa Kiswahili, na kwa mapenzi ya wazi kwa kitabu. Hata hivyo, filamu ya dakika 90 na kitu hailingani na riwaya inayomfuata Yasmin tangu ndoa ya kulazimishwa na Raza, mtu wa umri wa baba yake, hadi Mombasa, hadi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, hadi kwa Denge na harakati zake dhidi ya wakoloni. Shivji alilazimika kuchagua, na alichagua kwa ufundi. Mwanafunzi aliyesoma anauona ufundi huo, kwa kuwa anajua kilichoachwa na anaweza kuuliza kwa nini. Aliyeanza na filamu hawezi kumsifu mwongozaji wala kumlaumu, kwa sababu hajui alikuwa akichagua kati ya nini na nini. Kumbe kutanguliza kitabu kunamtendea haki mtengeneza filamu pia.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la vitabu vyenyewe. Burton aliandika juu ya Waafrika kwa dharau ya kuchefua. Stanley alikuza mambo, na kurasa za shajara yake zinazohusu ule mkutano maarufu na Livingstone huko Ujiji zilichanwa. Kwa nini basi tumtangulize kijana wetu kwenye maandishi kama hayo? Jibu langu ni kwamba dharau iliyoandikwa inashikika. Iko ukurasani, inasomwa mara mbili, inapigiwa mstari, inabishiwa darasani. Dharau iliyofichwa katika pembe ya kamera, katika kuamua uso wa nani uonekane kwa karibu na wa nani ubaki kivuli, humpita mtazamaji kabla hajajua imempita. Tena kitabu huweza kupambanishwa na kitabu. Burton na Speke walitembea njia moja wakaandika mambo yanayopingana. Na yupo Tippu Tip, ambaye Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaliyochapwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, yanasimulia biashara ya njia hiihii kwa Kiswahili, yakimtaja na baba yake aliyekuwa na makazi karibu na Tabora. Tippu Tip si malaika, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Lakini ukimweka kando ya Stanley, kila mmoja anamfichua mwenzake.

Pingamizi la pili linasema sisi ni watu wa masimulizi, bibi zetu hawakuhitaji kusoma ndipo wasikilize. Ni kweli, na ndiyo hoja inayoniunga mkono. Ngano ilisikika kwa bibi huyu na kwa babu yule, kila mmoja akiongeza na kupunguza, kwa hiyo msikilizaji alijua tangu utotoni kwamba alichosikia ni simulizi moja kati ya nyingi. Hata vibanda umiza vinalithibitisha hilo: watafsiri wa filamu kama Lufufu walipendwa kwa sababu waliingilia kati, wakafafanua, wakakejeli, wakaiweka filamu ya kigeni mikononi mwa watazamaji. Aliyesoma kitabu ana mtafsiri wake kichwani. Asiyesoma, na asiye na simulizi la pili, amebaki na sauti ya upande mmoja.

Pingamizi la tatu ni la mfuko, nalo silipuuzi. Filamu huonekana bure kwenye simu ya rafiki, kitabu kinanunuliwa, na nyumba nyingi zina mahitaji yanayotangulia kitabu. Tena ni kweli kwamba filamu nzuri humpeleka mtu dukani kutafuta riwaya. Lakini hatudai kila mtu amalize kurasa 700 kabla ya kuwasha runinga. Sura moja inatosha kuamsha jicho. Mwalimu akiwasomea wanafunzi sura inayohusu Unyanyembe kwa kipindi kimoja, kisha wakatazama filamu, watatazama kwa macho mengine. Vitabu vya Burton, Speke na Stanley vimekwisha muda wa hakimiliki na vinapatikana bure kwenye intaneti. Vimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, kwa hiyo kazi ya kuvifasiri vipande vinavyoihusu Tabora ingewafaa walimu na wanafunzi wetu wa vyuo kuliko tasnifu nyingi zinazolala kabatini.

Kanuni hii ina mpaka wake. Tamthilia iliandikwa ili itazamwe. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's, alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, na anayeiona jukwaani au kwenye sinema kabla ya kuisoma hajaharibu kitu. Riwaya na kitabu cha safari havikuandikwa kwa ajili ya macho ya ukumbini, vimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja anayesoma kwa mwendo wake, akirudi nyuma anapotaka.

Walimu wa historia na Kiswahili wa Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo na Kazima hawana haja ya kusubiri waraka wa wizara ili waanze. Pa kuanzia papo: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaingia bara na msafara wa Aziz, na hapo njia ya misafara inaonekana kwa macho ya mtu asiye na bendera wala bunduki. Gurnah alipata Nobel mwaka 2021, na riwaya ya namna hii itawavuta watengeneza filamu leo au kesho. Siku watakapokuja na kamera zao kutafuta nyika na miembe ya Kwihara, wawakute watu wa Tabora wamekwisha kuisoma.